Bei ya Jiwe

Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunapanda Mabatini
kwa ngazi ambazo nusu ni saruji na nusu ni bahati,
mpaka kwenye jiwe bapa nyuma ya nyumba ya Kwilasa.
Mchana huanikwa mihogo hapo.
Jioni tunaanika tamaa zetu.

Sheria ni moja: ukikiweka kitu juu ya jiwe
unataja bei uliyolipa, ile yenyewe.
Bei ya nyumbani ibaki nyumbani.

Kwilasa anatangulia, mwenyeji hana soni.
Drili ya betri, ya kijani, na kisanduku chake.
Laki moja themanini na tano.
"Na nyumbani?"
"Arobaini. Nilisema ni ya mtumba."
Tunacheka chinichini, maana dirisha la jikoni li wazi.
Anatoboa ubao, anatoboa gogo, anatafuta cha kutoboa,
mwisho anatoboa hewa, vrrr, kuelekea ziwani,
utadhani kule Saanane kuna rafu inamsubiri.

Nyanzala kaleta mizani ya jikoni, nyembamba kama daftari.
Keki ni gramu, anasema, mengine ni kubahatisha.
Elfu ishirini na nane, Makoroboi,
baada ya kujifanya anaondoka mara mbili.
Basi tukapima kila kitu:
ufunguo, kitambulisho changu, kipande cha muhogo,
pete ya Bugumba, ambayo siku zote alidhani ni gramu tano
(ni tatu; akairudisha kidoleni bila neno),
na dagaa mmoja mkavu tuliyemkuta kwenye ufa wa jiwe.
Mizani ikasema sifuri.
Tukamwongezea mwenzake. Sifuri.
Kwa wa tatu ndipo ikakubali kwamba kuna kitu.

Bugumba yeye kaleta kitabu cha maelekezo tu.
Friji lenyewe limekwama katikati ya mlima,
kati ya majabali mawili, uani kwa Mama Holo,
kwa kuwa wabebaji walipofika pale
waliitazama njia iliyobaki, kisha wakautazama mfuko wake.
Siku ya nne leo. Kuku wameshalizoea.
Anatusomea ukurasa wa sita kwa sauti ya mhubiri:
"Weka mahali tambarare."

Luhende akaja wa mwisho, akakaa pembeni.
Akafungua kipande cha kanga, akatoa randa.
Randa ya mbao, mpini umefungwa mpira wa baiskeli,
na pembeni pengo dogo nililolitia mimi
mwaka ule tulipotengeneza mabenchi ya kanisa.
Nani hapo hakuijua?
Iliondoka mwezi wa tatu, pamoja na msumeno na patasi zote,
mtoto alipolazwa Bugando.

"Nimenunua," akasema. "Mlango Mmoja. Ilikuwa bado ipo."
Tukaishika kwa zamu, kila mmoja akipitisha kidole
kwenye makali, kama tunaiona leo.
Kisha akafungua mdomo kutaja bei, sheria ni sheria,
na Kwilasa akawasha drili.
Midomo ya Luhende ilicheza, hatukusikia kitu.
Drili iliendelea mpaka betri ikaanza kulia.

"Na wewe?" wakaniuliza.
"Mimi mwezi huu nimekula tu."

Nilishuka polepole, giza likishika,
taa za wavuvi zikianza kutoboka majini moja moja.
Kwenye begi, ndani ya karatasi yake ya mafuta,
randa ya chuma, mpya, ikinigonga paja kila ngazi.
Wiki nzima nilikuwa nimejizoeza namna ya kuifunua.
Kwa Mama Holo nikaliegemea friji kupumua.
Kuku mmoja juu yake akafumbua jicho, akalifumba.

Nyumbani nikaulizwa begi lina nini, mbona zito.
Nikataja bei ya jiwe.
Kijiko kilisimama ndani ya sufuria.
"Hebu," akasema, akifuta mikono, "niione."